Sola ya Kufunga Mwenyewe Kijijini: Chagua Kontrola Kabla ya Paneli

Malalamiko yanayonifikia kutoka vijijini yanafanana mno. Paneli ni nzima, taa ziliwaka vizuri kwa miezi kadhaa, kisha betri ikaanza kuzimika saa mbili usiku, na muuzaji akashauri inunuliwe nyingine. Sikubaliani na ushauri huo, kwa sababu betri mpya ikifungwa kwenye kontrola ileile, yaani kifaa kinachokaa kati ya paneli, betri na taa na kusimamia kuchaji na kukata umeme, itakufa kwa namna ileile.

Wanunuzi wengi huuliza wati za paneli na ukubwa wa betri, lakini ni wachache wanaouliza kontrola hukata taa volti zikifika ngapi. Zile kontrola za bei nafuu za rangi ya buluu, zenye kioo kidogo cha namba, nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kukata kwenye volti 10.7. Betri ya tindikali ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma takriban 12.7, na ikishuka hadi 12.1 imebaki kama nusu. Kwa kuwa taa za LED hutumia umeme kidogo, volti hazishuki kwa kuelemewa na mzigo. Kwa hiyo kioo kikionyesha 10.7, betri imekwisha kweli. Ikiachwa katika hali hiyo mara kwa mara, salfeti hugandamana kwenye sahani zake za risasi, na uwezo uliopotea haurudi.

Kwa kigezo hicho, naweka kampuni ya Victron mbele ya wengine wote, na sifichi kwamba naipenda. Kontrola yake ya MPPT 75/10 (MPPT ni aina inayovuna umeme mwingi zaidi kutoka kwenye paneli) ina sehemu ya kufungia taa ambayo, kwa mpangilio wa kiwandani, hufuatilia kama betri hujaa mchana. Isipojaa, hupandisha kiwango cha kukata ili betri ipate nafasi ya kujaa tena. Ni ghali, mara kadhaa ya bei ya ile ya buluu, lakini anayehesabu betri atakazolazimika kuzitupa ataona kwamba ghali hiyo inalipa. Nyumba yenye taa nne za wati 5, zikiwaka kwa muda wa saa tano, hutumia wati-saa 100. Betri ya tindikali ya ampea-saa 20 inatosha bila kuvuka nusu, na paneli ya wati 50 huijaza na kubakiza akiba ya siku za mawingu. Taa zifungwe kwenye kontrola, kamwe zisifungwe moja kwa moja kwenye betri, maana hapo ulinzi wote unarukwa. Wakati wa kufunga, betri itangulie, paneli ifuate.

Nafasi ya pili naipa seti kamili kama za Sun King na d.light, ambazo betri zake zina ulinzi wa ndani uliopangwa tangu kiwandani. Zinamfaa asiye na fundi karibu, ingawa kuongeza taa ni kazi ngumu, na anayelipa kidogo kidogo huishia kutoa fedha nyingi kuliko anayelipa taslimu.

Kontrola ya buluu ni ya tatu, na ni kwa sharti moja tu: iwe inaruhusu kubadilisha kiwango cha kukata, nawe ukipandishe hadi 11.8 au zaidi kabla ya usiku wa kwanza. Taa za kuning'iniza zenye kipaneli kidogo juu zinafaa kwenda nazo chooni.

Kinachonikera zaidi ni wauzaji wanaojua jambo hili na kunyamaza. Wapo wanaouza boksi lililoandikwa MPPT huku ndani mkiwa na kontrola ya kawaida ya PWM, aina rahisi na ya bei nafuu, na wapo wanaomtajia bei nyingine mteja aliyeshuka kwenye basi na mzigo mkononi. Mteja huyo akirudi na betri iliyokufa, huambiwa kwamba aliitumia vibaya. Kwa hiyo usilipe kabla kontrola haijaunganishwa na betri hapo dukani na kiwango cha kukata kuonyeshwa mbele ya macho yako, kisha namba hiyo iandikwe kwenye risiti pamoja na muda wa dhamana. Duka likikataa kuiandika, peleka fedha zako kwingine.