Uzoefu wangu na Hearts of Iron IV: kuvuka bahari kazi, kushika nchi mteremko

Hii gemu nimeicheza mda mrefu, kwa hiyo sitaongelea picha wala mziki, hayo kaangalieni wenyewe. Mi naongelea kitu kimoja tu, uvamizi wa baharini, maana hapo ndo gemu inanoga na hapohapo ndo inaniudhi.

Kwa ambao hamjaicheza, unachukua nchi unayotaka kuanzia 1936, unajenga viwanda, unaunda jeshi, na vita ya pili ya dunia inakuja utake usitake. Sasa ukitaka kuvuka maji, unachagua bandari ya kutokea na ufukwe wa kushukia, halafu unasubiri, na ukirundika divisheni (vikosi vikubwa vya jeshi) nyingi ndo siku za maandalizi zinazidi. Uwe na meli za mizigo za kutosha. Na kila eneo la bahari utakalopita manowari zako ziwe zimemzidi adui, la sivyo mshale wa uvamizi kwenye ramani haujongei na askari wanaota jua bandarini. Hapo nawapa maksi zote. Cheza Ujerumani uone, utaelewa vizuri tu kwa nini Hitler aliahirisha kuivamia Uingereza Septemba 1940: manowari 10 aina ya destroya zilishazama Narvik huko Norwei, ndege za Waingereza bado zinaruka, na vyombo vyenyewe vya kuvushia watu vingi ni matishali ya mtoni!

Kasheshe ni ukishavuka. Kwenye toleo nililocheza mimi, hesabu ya nani ana bahari inafanyika pale unapoondoka. Kwa hiyo unakusanya kila kitu kinachoelea, nyambizi, vikongwe vya zamani, unaongeza na ndege juu, unashika mlango wa bahari siku chache tu, askari wakishang'oa nanga basi, manowari zirudi nyumbani zikapumzike. Unafika upande wa pili unakuta ufukwe mtupu, kompyuta inayomchezea adui imepeleka jeshi lote sijui Afrika sijui wapi, unatembea hadi bandari ya karibu, ukishaishika chakula na risasi vinamiminika, na London unaingia kama unaingia dukani kwa Mangi. Jamani!

Historia haikuwa hivyo kabisa. Uvamizi wa Dieppe, Ufaransa, Agosti 1942, walienda watu kama 6,000, wengi Wakanada, na zaidi ya nusu waliuawa, kujeruhiwa au kutekwa. Na sisi tuna Tanga, Novemba 1914: Waingereza walileta askari kama 8,000 kutoka India, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, upande wa pili ana kama 1,000, ila mji ulishapewa onyo kwamba meli zimefika, akapata nafasi ya kushusha watu wake kwa treni kutoka huko Kilimanjaro. Waingereza wakapigwa, nyuki nao wakaingilia, wakarudi melini na silaha kibao wakaziacha. Kwenye gemu kompyuta ingeiachia Tanga kabla hata hujamaliza chai (samahani, najua nimeenda vita nyingine, ila reli ndo hoja yangu).

Maana watu wengi wakilalamika wanataka kuvuka kuwe kugumu zaidi, siku ziongezwe, meli za mizigo ziongezwe. Mi napinga. Hiyo inamuumiza mwenye nchi ndogo tu, mwenye viwanda vingi hatahisi kitu. Kinachotakiwa ni kompyuta iache akiba ya divisheni bara, karibu na reli, zikimbilie popote unaposhuka, halafu bandari ukiiteka iwe imevunjwavunjwa kweli, kama Wajerumani walivyoilipua Cherbourg Juni 1944, ule ulichobeba mpaka uitengeneze. Ndo maana wale walioivamia Normandy, Ufaransa, mwezi huohuo walikokota bandari za kuunda wenyewe.

Ukicheza na watu ni habari nyingine kabisa, binadamu haachi bandari wazi, na magrupu mengi yana sheria zao za nani aruhusiwe kuvamia lini. Huko utatoka jasho.

Kununua? Nunua, ila subiri punguzo, gemu yenyewe kwanza. Nyongeza ya Man the Guns ya 2019 inayokuwezesha kuunda meli zako iongeze kama unapenda bahari, kama we ni mtu wa vifaru iache. Na ukicheza na kompyuta jiwekee sheria kama yangu: manowari hazirudi nyumbani mpaka bandari ya kwanza iwe mkononi. Nyambizi za adui zikianza kuzitafuna hapo katikati, ndo utaona utamu wake.