Zeitz MOCAA, Cape Town: kihenge cha mahindi kilichogeuzwa jumba la sanaa

Nianze na linalowahusu wengi wetu tunaohangaika huku Sauzi: tangu jumba hili lifunguliwe Septemba 2017, raia wa nchi za Afrika wametengewa saa za kuingia bure siku ya Jumatano. Beba pasipoti au kitambulisho cha kwenu, na kabla hujatoka nyumbani angalia saa kwenye tovuti yao, maana ratiba hubadilika. Walio chini ya miaka 18 hawalipi. Siku nyingine kiingilio ni cha V&A Waterfront, lile eneo la bandarini lenye maduka na hoteli za bei kali, na anayelijua ameshanielewa.

Nimeingia humo mara nyingi, nyingine kwa ajili ya maonyesho, nyingine kwa sababu tu kuna wageni kutoka Dar na hawataki kupanda mlima. Kila ninayempeleka hufanya jambo lile lile: anapita mlangoni, anainua shingo, anasahau kuuliza choo kiko wapi.

Jengo lenyewe ni kihenge. Ujenzi ulianza 1921 na kazi ikaanza 1924. Mahindi na ngano vilikuja kwa treni kutoka bara, vikapimwa na kupangwa madaraja, kisha vikapakiwa melini kwenda Ulaya. Lina kimo cha mita 57, na enzi hizo halikuwa na mpinzani kusini mwa Sahara. Baadaye mizigo ya makontena ilipotawala bandari, kihenge kikakosa kazi, na 2001 kikafungwa kabisa. Kikakaa hivyo miaka mingi, mapipa 42 ya zege yaliyobanana, hayana dirisha wala sakafu. Hebu jiulize, jengo la namna hiyo unalifanyia nini?

Mbunifu Mwingereza, Thomas Heatherwick, na wenzake walichukua punje moja ya mahindi, wakaipiga skani kwenye kompyuta, wakaikuza hadi ikafikia kimo cha mita 27. Umbo hilo ndilo walilolichonga katikati ya mapipa. Kwa hiyo ukisimama chini unaona mapipa yameanzia juu, yakakatwa mshazari, mengine yananing'inia kichwani kwako bila mguu. Sogea kwenye ukingo mmoja uliokatwa uutazame kwa karibu. Utaona matabaka mawili: zege la zamani, jembamba, lenye kokoto zinazoonekana, na zege jipya walilomimina kwa ndani ili lile la zamani lisiporomoke wakati wa kukata. Ukingo wameung'arisha hadi unateleza. Upande wa nje wameuacha na ukorofi wake. Mimi si mtu wa majengo, lakini hapo huwa nakaa.

Lifti zinapita ndani ya mapipa, na ngazi ya kuzunguka nayo iko ndani ya pipa. Panda kwa lifti, shuka kwa ngazi. Juu ya paa mapipa yamefunikwa vioo vinene vyenye alama za El Loko, msanii wa Togo aliyefariki 2016, na unaruhusiwa kutembea juu yake. Mwenye kizunguzungu asitazame chini.

Sasa lawama zangu. Ukitoka kwenye uwazi huo mkubwa ukaingia vyumba vya maonyesho, unakutana na vyumba vyeupe vya mraba, vimepangana ghorofa baada ya ghorofa, na vingi vyake ungevikuta popote duniani. Jengo linaimeza sanaa. Nimewaona watu wakipiga picha za dari nusu saa nzima halafu wakaondoka.

Na kuna suala la jina. Jochen Zeitz ni Mjerumani aliyekuwa bosi wa Puma. Mkusanyiko ulioanzisha jumba hili ni wake, aliutoa kwa mkopo wa muda mrefu. Humo wamo watu wetu wa upande huu, kama Cyrus Kabiru wa Nairobi, yule anayetengeneza miwani ya vyuma chakavu, kwa hiyo sisemi aliokota ovyo. Lakini ukarabati ulikula takriban randi milioni 500, juu yake kukawekwa hoteli ya matajiri, na mji wenyewe bado umegawanyika vile ulivyogawanywa enzi za ubaguzi wa rangi. Watu walinung'unika tangu siku ya kwanza kwamba hili ni jumba la nani hasa. Mkurugenzi wa mwanzo, Mark Coetzee, aliondoka 2018.

Aliyelibadilisha, kwa maoni yangu, ni Koyo Kouoh, mama wa Kikameruni aliyeshika uongozi 2019 baada ya kujijengea heshima Dakar na taasisi yake ya sanaa, RAW Material Company. Mwaka uliofuata ikaja korona, jumba likafungwa miezi kadhaa. Lilipofunguliwa Oktoba 2020 hawakuanza na msanii mkubwa wa kualikwa. Waliwaomba wakazi wa Cape Town walete picha na vitu vya sanaa kutoka majumbani mwao. Zikaja kazi karibu 2000, zikatundikwa toka chini hadi juu, mchoro wa mtoto jirani na kazi ya mtu mwenye jina. Mzee mmoja wa Kikongo ninayemfahamu, muuza vinyago, aliniambia ndiyo mara ya kwanza alipoona sababu ya kupanda basi kwenda kule bila kupeleka mzigo. Yale maonyesho ndiyo yaliyonifanya niache kuliita jumba la Wazungu.

Halafu Novemba 2022 wakafungua When We See Us: miaka mia moja ya Waafrika na watu weusi wa kwingineko wakichora watu wao wenyewe. Hakukuwa na minyororo wala vita kila ukuta. Kulikuwa na watu wanacheza dansi, wamelala, wanapendana, wanasali. Walikuwemo wachoraji kama Moké wa Kinshasa na picha zake za baa, Gerard Sekoto wa Afrika Kusini, Chéri Samba wa Kongo. Na Mtanzania wetu, Sungi Mlengeya, aliyeacha kazi ya benki akashika brashi. Anachora wanawake weusi, nguo nyeupe, nyuma nyeupe, kiasi kwamba nguo inapotelea kwenye turubai na kubaki ngozi tu. Kwenye simu inaonekana kama picha iliyohaririwa. Ukiisogelea unaona ngozi ile ina kahawia, ina samawati, brashi imepita hapa nzito na pale nyepesi. Nilisimama pale nikatamani kumwambia mtu yeyote kwamba huyo ni wa kwetu, na karibu yangu walikuwepo Wadachi wawili tu.

Maonyesho hayo baadaye yalisafiri hadi Basel, Brussels na Stockholm. Kouoh alifariki Mei 2025, miezi michache tu baada ya kutangazwa kuwa msimamizi wa Biennale ya Venice ya 2026, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa huko Italia.

Kwa anayetaka kwenda: tenga saa mbili hadi tatu, panda basi la MyCiTi hadi Waterfront, na chakula kula kwingine. Kiingilio kamili nisingekilipa kwa ajili ya jengo peke yake. Kwa maonyesho ya aina ile ya 2022 ningelipa mara mbili. Kwa hiyo tazama kwanza wametundika nini.