Huduma ya tahadhari ya Katla: meseji inafika, njia ndiyo ya kuuliza

Kusini mwa Iceland, chini ya barafu ya Mýrdalsjökull, imelala volkano iitwayo Katla. Barafu iliyofunika kasoko yake hufikia unene wa mita 700 hivi katika sehemu nyingine. Katla ikilipuka, cha kuogopwa kwanza si lava bali maji. Barafu huyeyuka kwa chini, maji hujipenyeza mpaka ukingoni, kisha hufumka yakiwa yamebeba mchanga, mawe na mapande ya barafu makubwa kama nyumba. Waiceland huyaita jökulhlaup. Yale ya Oktoba 12, 1918 yanakadiriwa kufikia mita za ujazo 300,000 kwa sekunde, kuliko wastani wa mto Amazon.

Huduma tunayoipima ina sehemu mbili: macho na mdomo. Macho ni ya idara ya hali ya hewa, Veðurstofa, na mdomo ni wa ulinzi wa raia, Almannavarnir.

Macho tunayapa alama za juu. Ukiacha vipima-tetemeko, kifaa chenye faida kubwa ni kile kinachokaa katika mito itokayo kwenye barafu hiyo, kama mto Múlakvísl, kikipima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Maji yaliyokaa karibu na joto la volkano huwa na madini mengi, kwa hiyo kipimo kinaweza kupanda hata kabla mto haujajaa. Kasoro yake ni msimu. Kiangazi barafu huyeyuka sana, maji safi yanazimua yale ya madini, na dalili inafifia. Vipima-tetemeko navyo vina utata wao, maana mafuriko yenyewe hutikisa ardhi. Julai 2011 wataalamu walibaki wakibishana kama chini ya barafu kulitokea mlipuko mdogo au ni maji tu. Ubishi huo haukuliokoa daraja la Múlakvísl: lilisombwa Julai 9, na barabara kuu izungukayo nchi ikakatika. Daraja la muda lilisimama baada ya wiki moja hivi, kasi ya kupigiwa makofi.

Mdomo ni meseji. Hupelekwa kwa simu zilizoshikwa na minara ya eneo la hatari, hata zenye laini za kigeni, na hilo ni jema kwa nchi inayopokea kwa mwaka watalii wengi kuliko wenyeji. Lakini simu ikiwa imezimwa, au mwenyewe yuko bondeni ambako mtandao haufiki, meseji haina wa kuisoma.

Mpango wa kuhama waliofundishwa wanakijiji hauna mapambo. Ukipata meseji una dakika 30. Tundika nje ya nyumba kibao cha kuonyesha kuwa mmeondoka, ili waokoaji wasipoteze muda kugonga mlango. Mpitie jirani. Nenda kituo cha kukutania, ujiandikishe. Hicho kibao ndicho kitu kidogo tunachokipenda kuliko vyote: karatasi tu, lakini humpunguzia mwokoaji kazi kuliko redio ya bei mbaya. Katika kijiji cha Vík kimbilio ni kanisa lililo juu ya kilima, na mtoto wa shule anajua njia yake.

Álftaver, eneo la wakulima upande wa mashariki wa nyanda za mchanga zilizo chini ya barafu hiyo, ndipo huduma ilipojikwaa. Baada ya zoezi kubwa la kuhama la Machi 2006, watafiti waliwahoji wakazi, nao wakaupinga mpango wazi: waliambiwa wakimbilie kijiji cha Kirkjubæjarklaustur, lakini kufika huko ni kupita kwenye tambarare ambazo maji yenyewe yanaweza kuzifikia, huku majivu yakifunga macho na radi zikipiga. Radi si utani. Mlipuko wa 1755 uliua watu wawili kwa radi. Wazee wa Álftaver walisimulia wakusanya kondoo wa 1918 walioponea chupuchupu kwenye daraja la mto Skálm. Sisi tuko upande wa wakulima hapa. Mpango unaomtoa mtu mwinukoni na kumpitisha bondeni unahitaji kuthibitishwa kwa ramani ya maji, si kwa ramani ya barabara.

Kwa mgeni anayeendesha gari, mambo ni machache. Ukipata meseji usivuke daraja ili “kuwahi”. Geuza, panda juu, piga 112, namba ya dharura, ukikwama. Harufu ya mayai viza kando ya mto si ya kupigia picha: ni gesi ya haidrojeni salfaidi, ni nzito kuliko hewa, hutuama mashimoni na kwenye mapango ya barafu, na ikizidi pua huacha kuinusa. Wala usidhani jökulhlaup dogo halina madhara. Lile la Skálm la Julai 27, 2024 lilifunika barabara kuu bila mlipuko wowote kuonekana juu ya barafu.