Zege jepesi kwa maboya ya gati: lipi linunuliwe, lipi liachwe

Kipimo chetu ni boya moja la gati, yaani sanduku la zege linalobeba gati lielee, kwenye maji yasiyo na chumvi, mfano Ziwa Victoria: urefu mita 3, upana mita 1.5, kimo sentimita 60, ganda nene sentimita 4. Kila kilo 45 zikiongezwa, boya hili huzama sentimita moja zaidi.

Zege la povu, yaani lenye viputo vya hewa ndani, ndilo linalopigiwa debe sana, kwa kuwa kipande chake huelea kwenye ndoo. Lakini lenye kilo 600 kwa mita ya ujazo, ukilijaza ndani ya boya, ni karibu kilo 1,300. Jumlisha ganda la zege la kawaida, boya linazama sentimita 57. Watu wawili wakipanda, sitaha iko sawa na maji. Kulitumia kama ganda ndiyo kabisa usijaribu: linanyonya maji na halikingi nondo na kutu. Wanaotengeneza povu kwa sabuni ya vyombo hukuta zege limeshuka, maana povu hupasuka kabla saruji haijashika.

Zege la pumisi, yale mawe mepesi ya volkano ya Mbeya au Naivasha, lina nafuu. Likifikia kilo 1,800 kwa mita ya ujazo, ganda linapungua kama kilo 270, yaani sentimita 6 za kuelea. Loweka mawe usiku kucha kabla ya kuchanganya, la sivyo yatanyonya maji ya saruji na zege lipasuke. Sisi tungeliweka kwenye sitaha tu: wepesi juu, uzito chini, boya halilewilewi. Kweli meli ya mafuta Selma ya Marekani, iliyoshushwa majini 1919, ilijengwa kwa zege jepesi, ila kokoto zake zilichomwa kiwandani.

Kwa ganda la chini, chaguo letu ni saruji na mchanga juu ya waya wa kuku. Fremu ya nondo za milimita 6, waya tabaka kadhaa pande zote mbili. Mfuko wa kilo 50, mchanga safi kilo 100, maji lita 20 ukihesabu na unyevu wa mchanga. Boya zima hula mifuko 8 hivi. Lipu ipigwe yote siku moja, kwa sababu kiungo cha jana na leo ndipo panapovuja. Gonga kwa nyundo: panapolia utupu, mota, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga, haikupenya kwenye waya. Mwagilia siku 14.

Ndani weka mabloku ya polisterini, lile povu jeupe linalofungiwa televisheni, yenye kilo 15 kwa mita ya ujazo. Yote hayafiki kilo 35. Boya linazama sentimita 29 likiwa tupu, na linabeba kilo 700 huku sentimita 15 zikibaki juu ya maji. Usiache tundu hata la waya wa taa: petroli ya injini ya boti ikipenya humo, polisterini inayeyuka.