Koti la pikipiki la kupimiwa: ngozi safi, danadana mpaka basi

Jina la duka sitalitaja. Wapo hapa Dar, wanakupima, wanatuma oda kwenye karakana moja Sialkot, Pakistani, nguo inashonwa huko na kuja kwa ndege. Wenye pikipiki kubwa mjini wengi wanawafahamu, na anayewafahamu atajua nasema nani kabla hajafika katikati. Nilianza kuandika haya nimewapa nyota moja. Nikaifuta, nikaweka tatu. Sasa hivi sijui nitaishia na ngapi, kwa sababu kila nikiikumbuka ile picha damu inachemka upya.

Kwanza mjue kwa nini nilihangaika na nguo ya kushonesha wakati makoti ya mtumba yamejaa. Mwanamke ukivaa koti la kiume la pikipiki, likikutosha mabegani linakukaba nyongani. Likikutosha nyongani, mabega yananing'inia na mikono inafunika vidole. Hapo hatuzungumzii urembo. Ndani ya mkono wa koti kuna kinga ya kiwiko, na kinga hiyo ina kazi pale tu inapokaa juu ya kiwiko. Ukianguka ukaburuzika kwenye lami, mkono uliolegea unazunguka, kinga inahamia upande mwingine, na kiwiko kinabaki na bitana peke yake. Kwa hiyo niliagiza koti na suruali, vile vinavyoungana kiunoni kwa zipu ili koti lisipande mgongoni mtu anapoteleza. Nikalipa yote, maana waliniambia karakana haigusi ngozi mpaka malipo yakamilike. Hela ile ingetosha matairi mawili mapya na ufundi juu.

Kupimwa kwenyewe kulikuwa kuzuri, haki isemwe. Kijana aliyenipima aliijua kazi yake. Alinikalisha kwenye kigoda nikiwa nimekunja magoti, akaniambia ninyooshe mikono kama nimeshika usukani, ndipo akapitisha futi kuanzia shingoni, juu ya bega, nje ya kiwiko, mpaka kwenye kifundo cha mkono. Fundi asiyejua pikipiki angenipima nimesimama wima, na koti lingekuja na mikono mifupi kila ninapokaa kwenye siti. Yule kijana sijawahi kumwona tena pale dukani na sijui aliondoka kwa nini. Niliondoka pale moyo umejaa.

"Wiki sita, dada. Zikizidi sana, saba."

Mfungo ulikuwa bado haujaanza. Hesabu zangu zote zilikuwa kwenye safari ya Nanenane: kundi letu lilipanga kwenda Mbeya, tupite Morogoro na Mikumi, tupande Kitonga, tulale Iringa. Hata wakichelewa mara mbili ya walivyosema, nilikuwa na nafasi.

Ramadhani ikaingia, kimya. Idd ikapita, nikauliza. Nikajibiwa kwamba mafundi walikuwa likizo ya Idd. Sawa, hata mimi nilifunga. Lakini Idd haimvamii mtu. Aliyekulia Pwani anajua mafundi cherehani wanavyofanya kumi la mwisho likikaribia: wanakwambia mapema, "Mama, sipokei tena, jaribu kwa fulani." Sialkot ni mji unaoishi kwa kushona glavu, mipira na nguo za ngozi za kuuza nje. Hauwezi kuwa haujui kalenda yake. Wasionieleza ni hawa wa hapa, walioishika hela yangu na kunihesabia wiki sita wakijua Idd iko katikati.

Ikaja Idd ya kuchinja, wakaitumia nayo. Safari hii walinogesha: ngozi imeadimika, tusubiri watu wachinje ili viwanda vipate mali mpya. Ni kweli kwamba Pakistani ngozi nyingi huingia viwandani msimu ule. Ila ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa leo haivaliki wiki ijayo. Inatiwa chumvi, inalowekwa, inatolewa manyoya, inatiwa dawa, inakaushwa, inalainishwa, inapakwa rangi, ndipo imfikie mkataji. Kama koti langu lilikuwa linamsubiri ng'ombe wa Idd, basi siku nalipa ngozi haikuwepo kabisa, na zile wiki sita zilikuwa uongo tangu zinatoka mdomoni.

Nikawabana. Nikasema sitaki maneno tena, nataka picha. Ikaja jioni ileile, nikashangaa ilivyokuja haraka. Koti jeusi limelazwa juu ya meza ndefu ya mbao, mkasi pembeni, nyuzi zimetapakaa. Chini yake wameandika: "Koti lako hilo dada, linamaliziwa." Nilifurahi jamani. Niliwaonyesha kazini, nikamtumia dada yangu Tanga, nikaiweka na kwenye kundi letu la safari, watu wakanipongeza.

Usiku nikaikuza ile picha kwa vidole viwili, nikitaka tu kuangalia mshono wa bega. Chini ya kola, kwenye bitana, kulikuwa na kijikaratasi kimebanwa kwa pini. Kimeandikwa kwa kalamu ya bluu: XL, na namba ya oda. Namba haikuwa yangu. Na nguo ya kupimiwa inapataje XL? Nikaangalia vizuri. Mabega mapana kama ya mbeba magunia wa sokoni. Kifuani utepe mwekundu, wakati mimi nilichagua rangi ya krimu na wakaniandikia kwenye risiti. Lile lilikuwa koti la mwanamume fulani, pengine yuko Ulaya huko, wala hajui kwamba nguo yake imetumika kunilaza mimi usingizi.

Nikaandika: "Kaka, namba iliyo kwenye hili koti siyo yangu." Tiki mbili zikageuka bluu, kimya. Kesho yake mchana ndipo jibu likaja: "Hiyo ni ya mfano tu. La kwako liko hivyohivyo."

Ya mfano! Mtu ameandika kwa mkono wake "koti lako hilo", halafu ananiambia ni ya mfano.

Kuchelewa navumilia. Nimeshonesha nguo tangu niko sekondari, najua "njoo kesho" ya fundi ikoje, na karibu mafundi wote ninaowapenda wamewahi kunichelewesha. Wangesema tu, "Dada, oda yako haijakatwa, msimu huu haitawahi," nilikuwa na wiki kadhaa za kutafuta njia nyingine. Ningenunua la dukani nikalipeleka kwa fundi wa ngozi apunguze mabega. Ningeagiza kupitia mwenzetu aliyekuwa anasafiri. Ile picha ndiyo iliyonifunga mikono, kwa sababu baada ya kuiona niliacha kutafuta. Hata baada ya kuigundua bado waliendelea kuniapia kwamba la kwangu lipo njiani kumalizika, na nilikuwa sina tena muda wa kufanya lolote.

Nikawafuata dukani. Aliyekuwepo ni mwenye duka mwenyewe, siku ya kwanza alinipokea kwa soda. Safari hii hakuinua macho kwenye simu. Nikamsalimia, akaitikia kwa pua. Nikamweleza kwa utaratibu kabisa, nikamwonyesha na kile kijikaratasi kwenye picha. Akasema, na ninayaandika kama alivyoyatamka: "Dada, hii siyo gauni ya harusi kwamba kuna tarehe. Ukitaka ya haraka Kariakoo yapo kibao. Wenzako wanaume wanasubiri, hawapigi kelele."

Mimi sikuwa nimepaza sauti. Palikuwa na mteja mwingine, baba wa makamo anajaribu glavu, akaziweka chini na kutoka. Nilimwomba mwenye duka tarehe kwa maandishi, akasema yeye siyo mahakama. Hayo ndiyo majibu unayopata ukishalipa yote.

Wiki ya safari ilipofika nikaazima koti la mwenzangu. Siku ya kukagua vyombo, kiongozi wetu wa msafara, mzee anayeijua ile barabara kuliko mtu yeyote kwenye kundi, alinishika kiwiko na kuuzungusha mkono wa koti taratibu. Kinga yote ikahama, ikaenda kukaa kwa ndani ya mkono. Akaniangalia, akasema, "Binti yangu, na hili hatukuchukui." Hakunionea. Kanuni ya kundi naijua na niliikubali, na Kitonga na malori yake siyo mahali pa kujaribia. Wenzangu wakaondoka alfajiri. Mbeya niliiona kwenye simu.

Baada ya hapo ndiyo wakanipa namba ya kufuatilia mzigo. Ukiiingiza inakwambia taarifa za mzigo zimepokelewa, basi, siku nenda rudi. Maana yake lebo imechapishwa lakini kampuni ya usafirishaji haijakabidhiwa kitu. Niliwauliza, wakasema mtandao unasumbua. Mzigo ulipoanza kutembea kweli ulipita Dubai na kufika hapa uwanja wa ndege bila shida, ukakwama forodha. Ukakwama kwa nini? Kwa sababu kwenye ankara walikuwa wameandika "sampuli" na kibei kidogo cha kuchekesha, na forodha wakataka uthibitisho wa malipo. Nikapeleka risiti yangu, bei haziendani hata kidogo. Afisa aliyenihudumia alikuwa mstaarabu, alinieleza kwamba ushuru unapigwa kwa thamani halisi pamoja na nauli ya mzigo, na VAT asilimia 18 inakuja juu yake. Hilo silalamikii, ni sheria na nilikuwa nimejiandaa. Ninacholalamikia ni kwamba udanganyifu wa watu wengine ulinifanya mimi nikae kwenye benchi nijieleze, huku gharama ya kuhifadhi mzigo inapanda.

Halafu nikafungua boksi.

Naomba niwe mkweli hapa, kwa sababu hapa ndipo nyota zangu zilipoanza kupanda. Lile koti ni zuri. Ni zuri mno. Ngozi nzito lakini haina ugumu, mshono wa bega umepita mara mbili na ukiufuata kwa kidole huoni mahali uzi uliporuka. Chini ya makwapa wameweka vitundu vidogo vya hewa, na kwa joto letu hilo ni jambo kubwa. Nililivaa palepale sebuleni, nikakaa kwenye mkono wa kochi, nikanyoosha mikono. Vifundo vimefunikwa. Mgongo haupandi. Nikashika kiwiko nikauzungusha kama alivyofanya mzee: kinga haikusogea. Nimeendesha miaka mingi na sijawahi kuvaa koti ambalo mtu alilikata akinifikiria mimi. Machozi yalinilengalenga, sisemi uongo. Jioni ile ndiyo nilifuta nyota moja nikaweka tatu, na nilikuwa naelekea nne.

Nikarudi kwenye boksi kutoa suruali. Hamna suruali.

Kwenye pindo la koti, kwa nyuma, ipo nusu ya zipu imeshonwa vizuri kabisa, inazunguka kiuno, inasubiri nusu yake. Nusu ya pili iko kwenye suruali ambayo nimeilipia na hakuna aliyeniambia kwamba haijaja. Nikapiga simu. "Suruali itafuata, dada." Itafuata lini? "Karibuni." Nikaomba picha? Hapana. Picha zao sitaki tena kuziona.

Kwa hiyo ukiniuliza kama uende, jibu langu linategemea umeniuliza saa ngapi. Nikiwa nimelivaa nitakwambia nenda, vumilia, lipa nusu tu na wakikataa ondoka, andikisha tarehe na rangi kwenye risiti, na safari yako yoyote usiihesabu humo. Nikikumbuka yule bwana na simu yake nitakwambia usikanyage. Sasa hivi nimekumbuka. Nyota mbili, na zote mbili ni za koti. Duka halina hata moja.

Hela ya suruali nimeidai kwa maandishi na nakala ninayo. Wameniuliza kama na koti nitalirudisha. Silirudishi. Na fundi aliyelikata kule Sialkot, kama ningempata moja kwa moja bila hawa wa katikati, ningempa kazi ya suruali leo hii, na ningemsubiri.