Busti ya turbo (presha ya hewa ambayo turbo husukuma ndani ya injini): kidhibiti cha mkono au cha umeme?
Kwa bei, cha mkono kinashinda wazi: ni vali ndogo yenye springi, inayofungwa kwenye mpira unaopeleka presha kwenye wesigeti, yaani mlango unaopitisha moshi kando ya turbo ili busti isizidi. Hakina waya wa kuharibika. Lakini hewa ikibadilika joto, busti nayo huyumba, na ikizidi, chenyewe hakiwezi kuikata.

Cha umeme hutumia solenoidi, yaani vali inayoendeshwa kwa umeme. Hubana wesigeti isifunguke kwa muda mrefu zaidi, hivyo turbo huwahi kuamka, na vingi hushusha presha ikivuka kikomo. Napenda sana ulinzi huo.

Gari la kila siku lenye busti ya wastani, cha mkono kinatosha. La mashindano, chukua cha umeme. Vyovyote vile, anzia chini, panda kidogo kidogo ukitazama geji. Injini ikitoa mlio wa kugonga, shusha busti mara moja.