Nimenunua Thunderbirds, nimeletewa robo tatu

Kama unaipenda Thunderbirds, kile kipindi cha runinga cha Uingereza cha vikaragosi vya waya, kuhusu familia ya waokoaji na vyombo vyao, na umeshawishika na hili boksi la diski lililoandikwa "toleo kamili", shikilia pesa yako kwanza. Si kamili. Wamekata picha. Wamechukua kipindi kilichotengenezwa kwa runinga za miaka ya 1960, zile za kioo kinachokaribia mraba, wakakifyeka juu na chini ili kijaze skrini pana za siku hizi. Piga hesabu mwenyewe: ukitaka picha ya aina ile ijae skrini pana bila kuivuta, lazima utupe robo nzima. Robo! Na kwenye boksi hawajasema neno.

Niligundua mapema tu, kwenye kipindi cha kwanza, kile cha ndege ya Fireflash iliyotegwa bomu isiweze kutua. Nilikuwa nasubiri pale ninapopapenda kuliko pote. Virgil, mmoja wa waokoaji, anaegemea ule mchoro wa roketi ukutani, mchoro unapinduka naye, anateleza kichwa kikitangulia hadi ndani ya Thunderbird 2, ndege yake kubwa ya uokoaji. Kisha mlango wa jabali unafunguka, lidude lile la kijani linajikokota nje, na mitende inalala pembeni kulipisha. Mitende ile ndiyo roho ya tukio zima. Hapa vilele vyake havionekani. Vimekatwa. Nikarudisha nyuma, nikatazama tena, nikasimamisha picha: Virgil naye hana nywele, paji la uso limeishia kwenye nyusi.

Kwa filamu ya waigizaji wa kawaida labda ungevumilia. Kwa vikaragosi, hapana. Vikaragosi vya Gerry na Sylvia Anderson, waundaji wa kipindi hiki, havikuweza kutembea vizuri, ndiyo maana muda mwingi unawaona kuanzia kiunoni kwenda juu, au wameketi kwenye vyombo vyao. Kitufe kikitakiwa kubonyezwa kwa karibu, unaonyeshwa mkono wa mtu halisi. Mdomo unafunguka kwa sababu kichwani mna kisumaku cha umeme kinachofuata sauti zilizorekodiwa kabla, na umeme wenyewe unapita kwenye waya zilezile nyembamba zinazokishikilia kikaragosi. Uso wenyewe haujongei, hauwezi kukunja ndita palepale mbele yako. Kwa hiyo huzuni ya Jeff Tracy, baba yake Virgil, akiwasubiri wanawe unaisoma kwenye macho, kwenye kichwa kinavyoinama, na kwenye ile nafasi waliyoiacha kumzunguka. Watu walikaa wakapanga nafasi ile. Ukiifyeka umemnyima kikaragosi nusu ya uigizaji wake.

Nikawaandikia wauzaji, kwa adabu kabisa, nikauliza kama kuna toleo lenye picha nzima. Jibu nililopewa na mtu wa huduma kwa wateja: "Ndugu mteja, hicho ni kipindi cha watoto tena cha zamani, watu wanapenda picha ijae kioo." Basi. Hata pole hakuna.

Cha watoto! Kwani mtoto ndiye apewe mabaki? Derek Meddings, aliyesimamia modeli na milipuko ya kipindi hiki, alikuwa akipiga picha kwa kamera inayokwenda kasi ili ikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida moto na vumbi vionekane vizito, kana kwamba jengo la kweli limeporomoka. Huyu alikuja kufanya kazi kwenye filamu za James Bond. Hakuna aliyemwambia "ni watoto tu, lipua kiberiti inatosha". Vipindi 32, na sijaona hata kimoja walichokifanya kivivu. Halafu leo mtu na kompyuta yake anaona ajuaye mpaka wa picha ni yeye.

Ningeishia hapo na nyota moja. Shida ni kwamba ndani ya boksi wameweka na kijitabu cha kurasa za katuni za Thunderbirds alizochora Frank Bellamy kwa ajili ya TV Century 21, gazeti la katuni la watoto, na kijitabu hicho, jamani, kimenitoa machozi. Bellamy hakutaka visanduku vya mraba. Mipaka yake ina meno meno, mingine inapinda, moto unaanza ukurasa wa kushoto unavuka kati hadi wa kulia. Na aliyekichapisha kijitabu hiki hakukata kitu. Kurasa mbili zimefunguka pamoja, pembe zote nne zipo, hata pale rangi ilipomwagika kidogo nje ya mstari ameiacha. Mtu huyu alijua ameshika nini.

Ndicho kinachonichanganya. Boksi moja, kampuni moja, na mmoja ameheshimu ukurasa huku mwenzake anafyeka picha. Kwa nini hawakuulizana?

Na niseme haki: rangi za diski zimesafishwa vizuri sana. Ule ukijani wa Thunderbird 2 sijawahi kuuona hivyo, na muziki wa Barry Gray unapiga kifuani hasa ile hesabu ya tano hadi moja ya mwanzo wa kipindi inapoanza. Kwa hiyo nyota mbili. Au tatu, kama hujawahi kukiona kipindi hiki na hutajua kilichokosekana. Hapana, ngoja. Wewe usiyewahi kukiona ndiye hasa unayedhulumiwa, maana utadhani walikipiga vibaya hivyo tangu mwanzo. Mbili, basi.

Nilitaka kurudisha diski nibaki na kijitabu, wakakataa, ama vyote ama hakuna. Nimebaki navyo, kwa sababu ya Bellamy tu. Wakitoa diski zenye picha nzima nitazinunua siku hiyohiyo, na mtu wa huduma kwa wateja nitamwandikia tena.